KHABARI ZA FUMO LIYONGO NA KHIANA YA MWANAWE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Katika mashujaa wa pwani hii hakuna aliyetajika kama Fumo Liyongo, kwa nguvu za mwili na kwa utungaji wa mashairi. Kwao ni Shaka na Ozi, upande wa bara, karibu na Kipini unapomwagikia mto Tana. Wenye kuchunguza hawakuafikiana juu ya zama zake. Wengine humweka katika karne ya 13, wengine humleta nyuma zaidi. Khabari zake zilipokewa mdomo kwa mdomo, hata Steere akazipiga chapa London mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utendi mwaka 1913.

Yasemwa katika utendi kwamba Sultani wa Pate, Daudi Mringwari, naye ni jamaa yake, aliingiwa na khofu ya kunyang'anywa ufalme. Wagala walimpenda Liyongo kwa ushujaa wake, wakamwoza binti yao, akazaa naye mtoto mwanamume. Sultani akazidi kumhusudu. Akawatumia watu wa mwituni kwa ahadi ya reale 100 wamletee kichwa chake. Wakafanya naye kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, ili wamfume atakapokuwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alisimama chini akayaangua makoma kwa mishale, na hila yao ikabatilika.

Baadaye alikamatwa, akafungwa kwa minyororo. Mamaye, Mbwasho, akamwoka mkate wa wishwa, ndani yake akatia tupa. Kijakazi Saada alipoupeleka pamoja na chakula kizuri, walinzi wakala kilicho kizuri wakauacha wa wishwa umfikie mfungwa. Usiku ikapigwa ngoma ya gungu, na kwa kishindo cha matari na matoazi haikusikika sauti ya tupa ikikata chuma. Liyongo akatoka, akarudi mwituni.

Nguvu ziliposhindwa, Sultani akatafuta mlango wa ndani. Alimwita mwana wa Liyongo, akamwahidi cheo na kumwoza binti yake, iwapo atajua siri ya kumwua babaye. Kijana akaenda akamwuliza. Baba akatambua kwamba mwanawe amehadaiwa, wala hakumficha: hakidhuriki kiwiliwili chake ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwana akamvizia amelala, akamchoma. Liyongo akaamka, akashika uta wake, akaenda kisimani akapiga goti na mshale uko tayari. Hapo akafa, naye hakuanguka. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai, mpaka mamaye akaletwa kumsihi, na mwisho mwili ukaanguka.

Na yule mwana, kwa riwaya ya utendi, hakupata mke wala cheo. Sultani alimfukuza, na alipokwenda Ugalani kwa wajomba zake, mama yake mwenyewe alimkataa, akaugua akafa.

Ama hilo la mwili usiodhurika kwa silaha ni katika ngano, kwani ajali i mkononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini khiana ya mwana si ngano. Hutokea katika kila zama. Ndani ya Qur'ani amri ya kuwatendea wema wazazi imefuata amri ya kumwabudu Mwenyezi Mungu peke yake. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i muuaji harithi kitu kwa aliyemwua, hata akiwa mwanawe wa pekee. Basi aliyeuza damu ya babaye kwa tamaa hukosa vyote viwili, alichoahidiwa na alichokuwa nacho.

Siku hizi kisa hiki hutiwa katika vitabu vya watoto pamoja na picha. Kiswahili kimeenea bara yote, na hata mtoto wa Karatu, chini ya Ngorongoro, asiyepata kuiona bahari, aweza kukisoma. Picha humwonyesha jitu lenye uta, nalo humpendeza mtoto. Moyo wa yule mwana hauchoreki. Hiyo ndiyo kazi ya baba: akae na mtoto wake, amweleze lisiloonekana katika picha, kabla hajaja mwingine wa kumnong'oneza.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu wana wema, na awaepushe na hasadi na khiana. Amin.