Kimathi, mtutu na kaburi lisilojulikana

Sisi wa Pwani tunaujua Mto Tana pale unapoingia baharini, Kipini. Juzi niliukuta bado mchanga, ukiitwa Sagana kama mji unaopitia. Nilikuwa njiani kwenda Nyeri, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa Dedan Kimathi.

Alizaliwa Tetu, Nyeri, tarehe 31 Oktoba 1920. Alisoma Karunaini na Tumutumu, baadaye akawa katibu wa KAU huko Ol Kalou. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliingia msitu wa Nyandarua na kuwa kiongozi wa Mau Mau.

Msituni bunduki zilikuwa chache, basi mafundi wakaunda magobore. Bomba la maji likawa mtutu. Komeo la mlango, likivutwa kwa mpira wa tairi, likagonga risasi. Kule viwandani Uingereza, fundi alichungulia ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha lililovutwa uzi. Kivuli cha uzi kikionekana kupinda ndani ya chuma, mtutu uligongwa hadi unyooke. Ni jicho lile lile la fundi wetu wa jahazi anapofumba moja kukagua ubao. Lakini bomba la maji, hata lingenyooka vipi, halikuundwa kuhimili risasi. Liliweza kumpasukia mwenyewe mikononi. Wakalibeba hivyo hivyo.

Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, amepigwa risasi ya mguu. Alikutwa na bastola, tena ya kiwandani. Hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola ile na risasi zake. Mahakama iliyoketi Nyeri ikamhukumu kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti akiwa na miaka 36. Mkoloni alijua kunyoosha mtutu. Sheria yake aliiacha imepinda.

Akazikwa Kamiti bila alama. Mjane wake, Mukami, aliomba miaka mingi aonyeshwe kaburi. Alifariki Mei 2023 hajaonyeshwa.

Sisi tunajua Mekatilili wetu amelala Bungale, na tunakwenda kumzuru. Watu wa Nyeri nao wana haki hiyo. Serikali imtafute Kimathi, imrudishe kwao.