MARIA MONTESSORI, MWALIMU WA WATOTO WALIOKATALIWA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watakatifu, maaskofu na wamisionari wa zamani. Safari hii tumeonelea vema kuwaletea maisha ya mama mmoja ambaye hakuwa mtawa wala mmisionari, wala hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa Mkatoliki wa Italia, daktari na mwalimu, na jina lake ni Maria Montessori. Wengi wetu tumeliona jina hilo kwenye vibao vya shule za watoto wadogo mijini, nasi tumedhani ni jina la shule za wenye fedha. Wachache wanajua kwamba kazi yake ilianza kwa watoto ambao hakuna shule iliyowataka.

Kabla ya kuanza tunalo jambo la kuungama. Tulipotoka chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulikabidhiwa darasa la pili katika shule moja ya kijijini. Nyuma kabisa ya darasa alikaa mvulana ambaye hakuweza kusoma wala kuandika jina lake. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuandaa somo, kupanga ubao na kusahihisha madaftari, lakini juu ya mtoto kama yule hatukufundishwa neno. Basi tukampa kazi ya kuchota maji na kufagia darasa, naye akaifanya kwa moyo, mpaka siku moja hakuja tena. Hatukwenda kwao kuuliza. Miaka mingi baadaye, tuliposoma maisha ya mama huyu, ndipo tulipofahamu tulilolifanya.

Binti aliyetaka udaktari

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali na mtu wa kushika desturi za zamani. Mama yake, Renilde, alipenda vitabu na alitaka binti yake asome. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokuwa na miaka mitano walihamia Roma, na alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi, ambako karibu wote walikuwa wavulana. Kwanza alitaka kuwa mhandisi, kisha akabadili nia na kusema atasomea udaktari. Baba yake hakupendezwa hata kidogo.

Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma kusoma sayansi, na mwaka 1893 akakubaliwa katika masomo ya udaktari. Wanafunzi wenzake wanaume walimdhihaki. Kwa kuwa ilihesabiwa kuwa aibu mwanamke kuuona mwili wa maiti pamoja na wanaume, ilimbidi apasue maiti peke yake, jioni, wenzake wakiisha kuondoka. Alivumilia. Mwezi wa Julai 1896 alitunukiwa shahada, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuwa madaktari.

Makombo ya mkate

Baada ya hapo alifanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu. Kazi hiyo ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili za mji wa Roma. Humo alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima wenye wazimu, kwa sababu tu hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Inasimuliwa kwamba mwanamke aliyewatunza watoto hao alilalamika kuwa ni walafi, kwa maana kila baada ya chakula waliinama sakafuni wakiokota makombo ya mkate. Dakta Maria alitazama chumba kile, akaona hamna kitu kingine chochote ambacho mtoto angeweza kukishika kwa mikono yake. Akatambua kwamba watoto wale hawakuwa na njaa ya chakula. Walikuwa na njaa ya kazi ya kufanya.

Alitafuta vitabu vya wale waliomtangulia. Akawasoma madaktari wawili wa Ufaransa. Wa kwanza ni Itard, aliyejitahidi kumfundisha mvulana aliyeokotwa porini huko Aveyron, na wa pili ni Séguin, mfuasi wa Itard, aliyefungua shule ya watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris na baadaye akahamia Marekani. Vitabu vyao vilikuwa vimesahauliwa. Dakta Maria alivitafsiri na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ili kila neno apate kulipima. Mwaka 1898, katika mkutano wa waalimu mjini Torino, alisimama akasema kwamba shida ya watoto hao ni ya elimu zaidi kuliko ya dawa, na kwamba nao wana haki ya kufundishwa.

Shule ya kuwafunza waalimu

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo sisi waalimu tungependa lisisahaulike. Mwaka 1900 ilifunguliwa mjini Roma shule ya kuwafunza waalimu wa watoto hao, na Dakta Maria akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Katika kundi la kwanza waliingia waalimu 64. Hawakufundishwa kwa maneno matupu. Palikuwa na darasa la watoto papo hapo, na waalimu walijifunza kwanza kutazama: mtoto huyu anashika nini, anaacha nini, mkono wake unakwama wapi.

Yeye mwenyewe alishinda na watoto tangu asubuhi hadi jioni, na usiku aliandika yote aliyoyaona. Palikuwa na msichana mmoja ambaye hakuweza kujifunza kushona, hata alipoonyeshwa mara nyingi. Dakta Maria aliacha kumwonyesha kushona, akampa kazi ya kusuka vipande vya karatasi, kimoja kupita juu na kimoja chini. Msichana aliipenda. Baadaye aliporudishiwa sindano, aliweza kushona, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea mwendo ule. Hapo mwalimu akapata somo kubwa: mkono uandaliwe kwanza, kazi yenyewe ifuate. Akatengeneza herufi za mbao, watoto wakazifuatisha kwa vidole vyao, tena na tena, kabla ya kupewa kalamu. Baadhi ya watoto wale waliotolewa hospitali za wagonjwa wa akili walijifunza kusoma na kuandika, wakapelekwa kwenye mtihani wa shule za kawaida, wakafaulu.

Watu walistaajabu na kumsifu. Yeye alikuwa na fikira nyingine. Alijiuliza ni kitu gani kinawarudisha nyuma watoto wenye afya, hata watoto wagonjwa waweze kulingana nao katika mtihani.

Mtoto aliyefichwa

Hatutawatendea haki wasomaji tukiacha jambo moja la huzuni. Mwaka 1898 Dakta Maria alizaa mtoto wa kiume, Mario. Baba yake alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano, ambaye baadaye waliongoza pamoja ile shule ya waalimu. Hawakuoana. Katika Italia ya siku zile, mwanamke aliyezaa bila ndoa asingeachiwa kazi wala heshima. Mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine. Mama yake alikwenda kumwona mara kwa mara, lakini mtoto hakujua kuwa yule ndiye mama yake. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, na mwaka huohuo Dakta Maria aliiacha shule ile.

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Tunayaandika kwa sababu yeye aliyewatetea watoto waliofichwa, naye alikuwa na mtoto aliyefichwa, na bila shaka aliujua uchungu wake kuliko sisi. Mario aliungana na mama yake akiwa kijana wa miaka kama 15, baada ya bibi yake kufa mwishoni mwa mwaka 1912. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa ni mpwa wake. Hata hivyo tangu wakati ule hawakuachana, naye akawa msaidizi wake mkuu mpaka mwisho.

Nyumba ya Watoto

Baada ya kuiacha shule, Dakta Maria alirudi Chuo Kikuu akiwa mwanafunzi tena, ingawa alikuwa daktari anayejulikana. Alisoma falsafa na elimu ya nafsi, kisha tangu mwaka 1904 akawafundisha waalimu katika Chuo Kikuu hichohicho. Nafasi yake ilikuja tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania. Katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, wenye nyumba walitaka mtu wa kuwaangalia watoto wadogo waliobaki peke yao, wakichafua kuta, wakati wazazi wako kazini. Wakampa chumba kimoja na watoto kama 50. Mahali pale paliitwa Nyumba ya Watoto.

Alileta vifaa alivyovijaribu kwa watoto wenye ulemavu, kama vigingi vya kupachika katika matundu na vibao vya rangi, kisha akatengeneza herufi za karatasi ya msasa za kupapasa kwa vidole. Aliagiza meza na viti vidogo ambavyo mtoto aweza kuvibeba mwenyewe. Watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika, nao walikuwa hawajalazimishwa. Mwaka 1909 alifanya kozi yake ya kwanza ya waalimu katika mji wa Città di Castello, akaandika kitabu cha njia yake, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Njia yake haikuwa rahisi siku zote. Alikubali msaada wa serikali ya Mussolini kwa miaka kadhaa, jambo ambalo wengi wamemlaumu kwalo, mpaka alipokosana nayo na kuondoka Italia mwaka 1934. Mwaka 1936 vita vilimfukuza Hispania. Mwaka 1939 alikwenda Madras, Uhindi, kufundisha waalimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimweka Mario kizuizini na kumzuia mama yake asitembee apendavyo. Mwezi wa Agosti, alipotimiza miaka 70, walimrudishia mwanawe. Alikaa Uhindi mpaka mwaka 1946, na waalimu zaidi ya 1,000 walipita mikononi mwake. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 katika kijiji cha Noordwijk, Uholanzi, akazikwa hukohuko.

Mbegu iliyofika kwetu

Sisi Waanglikana hatukuwa nyuma kabisa katika kazi ya namna hii. Mwaka 1950 Kanisa letu lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Siku hizi waalimu wa elimu maalumu wanafunzwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, na wenzao wa Kenya wanasomea shahada ya elimu hiyo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wapo pia wanaosomea ushauri na unasihi, ili shuleni awepo mtu wa kumsikiliza mtoto kabla ya kumchapa au kumfukuza. Tunapowaona vijana hao tunafurahi, na tunawaonea wivu kidogo, kwa kuwa wanafundishwa tulichokosa sisi. Wakumbuke tu kwamba shahada ni mwanzo. Dakta Maria alikuwa na shahada ya udaktari, lakini mwalimu wake mkubwa alikuwa yule msichana aliyeshindwa kushona.

Na sisi tusio na shahada tunalo la kufanya. Katika mitaa yetu zipo nyumba ambamo mtoto hutolewa nje usiku tu, au hupelekwa chumba cha nyuma wageni wakibisha hodi. Wazazi wake si watu wabaya. Wanaona haya, wanaogopa maneno ya majirani, na huambiwa kuwa wamelaaniwa. Wazee wa kanisa na akina mama wanaotembelea nyumba wanazijua nyumba hizo. Wakiingia, wamwulize mtoto huyo kwa jina lake. Waalimu wa Shule ya Jumapili wamwekee nafasi mbele, wala si nyuma karibu na mlango, na wampe kitu cha kushika mikononi.

Yule mvulana wetu wa darasa la pili sasa ni mtu mzima, kama yu hai. Alikuwa anajua ni ndoo ngapi zinajaza pipa la shule, na hakukosea hata siku moja. Kuhesabu alikuwa anajua, nasi tulikuwa tunamtazama kila asubuhi bila kuona. Tukijaliwa kuonana naye, tutamwomba radhi.