Friedrich Fröbel: Mwasisi wa chekechea aliyepigwa marufuku

Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia, dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote kaskazini mwa Ujerumani, ilitoa amri ya kufunga aina moja ya shule katika himaya yake yote. Shule zenyewe hazikuwa za wanajeshi wala za wanasiasa. Zilikuwa za watoto wadogo ambao bado hawajafikia umri wa kusoma, na silaha pekee zilizokuwamo ni mipira ya sufu, vipande vya mbao na vitalu vya maua.

Mwasisi wa shule hizo, Friedrich Fröbel, alikuwa mzee wa miaka 69. Hakuishi kuiona amri hiyo ikifutwa.

Leo mtoto wa Tanga, Mombasa, Bujumbura au Muscat anapopelekwa chekechea, au nasari, au shule ya vidudu kama wengine wetu tulivyozoea kuiita, anaingia katika nyumba ambayo msingi wake uliwekwa na mzee huyo. Na kila mzazi anayesimama dukani akijiuliza amnunulie mwanawe kitu gani cha kuchezea, ana swali ambalo Fröbel aliitumia miaka 15 ya mwisho ya maisha yake kulitafutia jibu.

Mtoto asiye na mama

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mtu mkali aliyezongwa na kazi za usharika. Mama yake alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miezi tisa tu.

Baba alioa tena. Mama wa kambo alimpokea vizuri mwanzoni, lakini alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, Friedrich aliwekwa kando. Hata namna ya kumsemesha ikabadilika: badala ya lugha ya mama kwa mwanawe, akawa anasemeshwa kwa lugha ya mbali, kama mtu baki aliyepita njia. Neno dogo tu, lakini mtoto huyo alilikumbuka hadi uzeeni.

Alipofikia umri wa miaka 10 mjomba wake aliyekuwa akiishi Stadtilm alimchukua, na huko kwa mara ya kwanza akaonja uhuru wa kucheza na wenzake. Miaka mitano baadaye alipelekwa kujifunza kazi kwa msimamizi wa misitu. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Jena, ambako deni lilimshinda na akafungwa wiki tisa katika gereza la chuo. Hapo hakuna aliyeweza kumtabiria makubwa kijana huyu.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akiwa na nia ya kusomea usanifu wa majengo. Mkuu wa shule moja mjini humo alimwomba ajaribu kufundisha. Akajaribu, na nia ya kuwa msanifu ikaishia hapo. Kati ya mwaka 1808 na 1810 aliishi Yverdon, Uswisi, kwa Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima kwa kusisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa kuona na kushika, si kwa kukariri. Fröbel alivutiwa sana, lakini akaondoka na dukuduku. Mtoto anafikaje shuleni? Miaka yake ya kwanza, kabla hajashika kalamu, imetumiwa na nani, na kwa namna gani?

Wasimulizi wengi wa maisha yake hupita haraka kipindi kilichofuata, nami nadhani wanakosea. Baada ya kupigana kama askari wa kujitolea dhidi ya Napoleon mwaka 1813, Fröbel alipata kazi katika jumba la makumbusho ya madini mjini Berlin. Kazi yake ilikuwa kupanga na kuchunguza mawe ya fuwele. Siku nzima alikuwa amefungiwa chumbani na mawe yasiyosema neno, akitazama jinsi kila fuwele ilivyojengeka kwa kanuni iliyomo ndani yake yenyewe, bila mtu wa nje kuichonga. Mtu yeyote aliyewahi kuviona vitu vya kuchezea alivyobuni baadaye atazitambua fuwele hizo mara moja.

Miaka ya kutiliwa shaka

Kaka yake mmoja alikufa wakati wa vita, akaacha watoto wa kiume watatu. Mwaka 1816 Fröbel aliacha kazi ya Berlin ili awalee na kuwasomesha. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watano, wote watoto wa ndugu zake. Mwaka uliofuata shule hiyo ilihamia kijiji cha Keilhau, na mwaka 1826 alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu malezi ya binadamu, kitabu ambacho, tuseme kweli, ni kigumu kusomeka. Fröbel alikuwa mwandishi mzito. Alipenda kuona umoja wa Mungu katika kila umbo, na sentensi zake huzunguka kama njia ya mlimani.

Shule ilistawi, kisha ikaandamwa. Hizo zilikuwa zama ambazo watawala wa Ujerumani walimwogopa kila mwalimu mwenye fikra mpya, na walimu wa Keilhau, pamoja na nywele zao ndefu, walionekana kuwa watu wa hatari. Mkaguzi aliyetumwa kuichunguza shule alirudi na sifa tupu. Haikusaidia. Wazazi walikwisha kuingiwa na hofu, na madarasa yakapungua watoto.

Mwaka 1831 Fröbel alikwenda Uswisi. Katika mji wa Burgdorf alikabidhiwa nyumba ya mayatima, na humo akakaa na watoto wadogo kabisa. Lile dukuduku la Yverdon likapata jibu. Aliona kwamba mchezo, ambao watu wazima waliuhesabu kuwa upotezaji wa wakati, ndiyo kazi yenyewe ya mtoto mdogo. Kwa hiyo kitu anachochezea mtoto kinastahili kufikiriwa kwa makini kama kitabu cha mwanafunzi.

Mbao zisizo na jina

Mwaka 1837, akiwa amerejea Ujerumani, alifungua katika mji mdogo wa Blankenburg mahali pa kubuni na kutengeneza vitu vya kuchezea. Aliviita zawadi.

Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini iliyofumwa kwa sufu, kila mmoja na rangi yake, ikiwa na uzi wa kuning'inizia. Ni ya mtoto mchanga. Mama anaubembeza mpira, anauficha, anaurudisha, na mtoto anajifunza kwamba kilichotoweka kinaweza kurudi. Sidhani ni ajabu kwamba kitu hicho kilibuniwa na mtu ambaye mama yake mwenyewe alitoweka asirudi tena.

Zawadi ya pili ni maumbo ya mbao: tufe, mchemraba na silinda. Tufe huviringika, mchemraba hukaa imara, silinda hufanya yote mawili.

Ya tatu ndiyo iliyobadili historia ya vitu vya kuchezea. Ni mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba midogo minane, ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kutelezesha. Hata namna ya kuutoa ilipangwa. Kisanduku hupinduliwa mezani, kifuniko huvutwa, kisha kisanduku huinuliwa taratibu, na mbele ya mtoto husimama mchemraba mmoja mzima. Aone kwanza kitu kizima, ndipo akitenganishe.

Baada ya hapo vipande vinane vinakuwa kiti. Kiti kinakuwa kisima, kisima kinakuwa ngazi, ngazi inakuwa kanisa. Kulikuwa na sharti moja: kila kipande kitumike, na umbo jipya litokane na kulibadili la zamani, si kulibomoa. Kipande kinachobaki pembeni kitafutiwe maana katika hadithi. Kama haya ni meza na viti, basi hicho kilichobaki pengine ni mgeni anayekuja kula.

Zawadi zilizofuata zilikuwa na vipande vingi zaidi, vingine vyembamba kama matofali, vingine vilivyokatwa mshazari ili mtoto aweze kuezeka paa. Hakuna hata kimoja kilichochorwa dirisha, wala kupakwa rangi ya mlango. Hilo halikutokana na ufukara wa fundi. Kipande kilichochorwa dirisha kitakuwa dirisha siku zote, bali kisichochorwa kitu kinamngoja mtoto aamue.

Msomaji aliyekulia kwetu hahitaji maelezo marefu hapa. Gunzi la mhindi lililofungwa kitambaa lilikuwa mtoto mchanga, kifuu cha nazi kilikuwa sufuria, na waya uliopindwa vizuri ulikuwa gari lenye usukani. Tulipocheza baba na mama, au kalongolongo kama wasemavyo Wakenya, mchanga ulikuwa ubwabwa na hakuna aliyebisha. Fröbel hakuwafahamu watoto wa Pwani yetu, lakini nadhani angekaa chini ya mwembe na kuwatazama kutwa nzima.

Kinachosikitisha ni kwamba leo, mzigo wa Dubai au wa London ukifunguliwa sebuleni, mara nyingi gari la waya hutupwa jalalani na mahali pake huchukuliwa na gari la plastiki linalowaka taa na kuimba lenyewe. Mtoto hubonyeza kitufe, gari hufanya kila kitu, naye hutazama. Betri zikiisha, mchezo umekwisha. Kwa kipimo cha Fröbel hicho ni kitu duni, hata kiwe cha bei gani, kwa kuwa kinacheza chenyewe na kumwachia mtoto kazi ya kutazama tu.

Bustani na amri

Jina la shule yake lilimsumbua kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba lilimjia akiwa safarini kwa miguu na wenzake, wakishuka mlimani kuelekea Blankenburg: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Tarehe 28 Juni 1840 jina hilo lilitangazwa rasmi. Mkewe wa kwanza, Wilhelmine, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hawakujaliwa mtoto.

Walimu aliowataka walikuwa wanawake, jambo lililowachekesha wasomi wa wakati ule. Wengine walimcheka yeye mwenyewe. Mwaka 1849 alipohamia Liebenstein, wenyeji walimwona mzee akirukaruka na kuimba na watoto wa kijiji, wakaamua kwamba amechanganyikiwa. Mwanamke mmoja wa ukoo wa kikabaila, Bertha von Marenholtz-Bülow, alikwenda kumtazama mzee huyo na akawa mfuasi wake mpaka mwisho.

Kisha ikaja amri ya Agosti 1851. Waziri wa elimu wa Prussia, Karl von Raumer, alizishutumu chekechea kuwa ni sehemu ya mpango wa kisoshalisti wa kuwafundisha vijana kumkana Mungu. Chanzo kimojawapo kilikuwa kijitabu kilichoandikwa na mtu mwingine, Karl Fröbel, mtoto wa kaka yake, mwenye siasa tofauti kabisa. Mpwa mwingine, Julius, alishiriki katika mapinduzi ya 1848. Jina la ukoo likatosha kuwa ushahidi. Mzee alieleza na kuomba hadi kwa mfalme, bila mafanikio.

Alifariki dunia tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal. Miaka minane baadaye, mwaka 1860, marufuku iliondolewa.

Lakini kufikia hapo bustani ilikwisha kuvuka mipaka, ikibebwa na wakimbizi. Bertha Ronge, aliyekimbilia Uingereza na mumewe baada ya mapinduzi kushindwa, alifungua chekechea London mwaka ule ule wa 1851. Mdogo wake, Margarethe Schurz, alifungua nyingine mwaka 1856 katika mji wa Watertown, jimbo la Wisconsin, Marekani, akianza na binti yake na watoto wa jamaa. Sisi tulioondoka makwetu na sanduku moja tunajua jinsi mtu anavyochagua cha kubeba. Dada hao walichagua mipira ya sufu na mbao.

Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, mama mmoja aliziona zawadi hizo na kumpatia mwanawe wa miaka 9. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, alikuja kuwa mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri kabisa wa Marekani, na hadi uzeeni alisema kwamba mikono yake haikuzisahau mbao zile.

Si kila kitu kilikwenda vyema. Baadhi ya wafuasi waliugeuza mchezo kuwa gwaride: watoto wote wakiinua kipande kimoja kwa wakati mmoja, kwa amri ya mwalimu. John Dewey na wanamageuzi wengine wa Marekani walilipinga hilo, na mwalimu Patty Smith Hill akatengeneza mbao kubwa ambazo mtoto aliweza kujenga nyumba na kuingia ndani yake. Fröbel naye ana sehemu yake ya lawama, kwani maelekezo yake yalikuwa mengi mno kwa mtu aliyetaka mtoto awe huru.

Mke wake wa pili, Luise, aliyeolewa wiki chache tu kabla ya marufuku, aliishi karibu nusu karne baada yake na kuendelea kuwaandaa walimu mjini Hamburg. Kaburi la Fröbel liko Schweina, karibu na Liebenstein. Juu yake umesimamishwa mchemraba wa mawe, juu ya mchemraba silinda, na juu ya silinda tufe.