James Chuma, Mwanafunzi wa Ubalozi Asiyekuwa na Chuo

Kila mwaka baadhi ya vijana wetu hupelekwa ng'ambo kusomea uhusiano wa kimataifa, na wengine huingia katika chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Hatuna ugomvi na masomo hayo. Lakini sisi tunaoandika haya tukilitazama Ziwa Nyasa kutoka Manda, Wilaya ya Ludewa, tunaona kwamba yupo mtu mmoja wa pande za ziwa hili ambaye maofisa wa serikali, na hasa ndugu zetu wa Visiwani, wangefaidika kumjua vizuri zaidi. Mtu huyo hakuandikishwa chuo chochote cha ubalozi, wala hakupewa shahada. Alijifunza kuishi na mataifa ya watu kwa kuishi nayo. Jina lake ni James Chuma, Myao, aliyezaliwa kusini mwa ziwa hili yapata mwaka 1850 na kufariki Unguja mwaka 1882.

Huenda msomaji akauliza Manda ina haki gani ya kuzungumzia ubalozi. Manda ni bandari ndogo karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani; Wajerumani waliiita Wiedhafen. Hata hivyo, huku uhusiano wa kimataifa si somo la darasani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ndio ambao Malawi huutegemea kudai kwamba maji yote ni yake hadi kwenye mchanga wa ufuko wetu, hali Tanzania hushikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Mvutano huo ulipopanda mwaka 2012, hata ikabidi marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano, waombwe kusuluhisha, aliyekuwa akijiuliza kama usiku atatupa wavu katika maji ya nchi gani ni mvuvi. Wake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi kuviuza kando ya ziwa wanajua, kuliko maofisa wengi, namna ya kufika ufuko usio wako, kusalimu, kukaa, na kupatana bei bila kuacha uadui nyuma. Elimu ya Chuma ilikuwa ya namna hiyo, ila yeye aliipata kwa uchungu mkubwa.

Chuma alianza safari zake akiwa mtumwa. Alikuwa bado mtoto alipouzwa, na mwezi Julai mwaka 1861 kundi la watumwa alimokuwa lilikutana katika nyanda za juu za Shire na David Livingstone pamoja na wamisionari wa UMCA, ambao waliwafungua. Akakaa na wamisionari hao. Misheni yao ilipovunjika, Livingstone alimchukua yeye na mwenzake Wikatani katika merikebu ndogo iliyoitwa Lady Nyassa, ambayo ilitoka Unguja mwisho wa Aprili mwaka 1864 na kufika Bombay katikati ya Juni, baada ya siku kama arobaini na tano baharini. Huko Bombay vijana hao wawili waliachwa katika shule ya misheni ya Kiskoti ya Dk. John Wilson, na mwaka 1865 wakabatizwa. Sehemu kubwa ya wakati huo Livingstone alikuwa Uingereza. Kwa hiyo Chuma, katika umri wa miaka kumi na mitano hivi, aliishi katika mji mkubwa wa bandari, miongoni mwa Wahindi, Waingereza na mabaharia wa kila aina, bila mzee wa kwao wa kumwambia lipi ni adabu na lipi ni utovu wa adabu.

Mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na Livingstone, wakashuka pwani ya Mikindani na kupanda kuelekea Nyasa. Msafara ule wenyewe ulikuwa mkusanyiko wa mataifa: askari wa Kihindi, vijana wa Kiafrika waliolelewa Nasik, watu kumi wa kisiwa cha Nzwani, na watu wa Zambezi, akiwamo Abdullah Susi ambaye jina lake halitatengana tena na la Chuma. Askari wa Kihindi walishindwa mapema. Watu wa Nzwani walikimbia karibu na ziwa kwa kuwaogopa Wangoni, nao walipofika Unguja wakatangaza kwamba Livingstone ameuawa. Wikatani alikuta jamaa zake kusini mwa ziwa akabaki nao. Chuma aliendelea.

Tusimfanye malaika. Mwezi Aprili mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa kumfuata; walikuwa wamechoka, na njia ilikuwa ya hatari. Baadaye walirudi, naye akawapokea. Waandishi wengi wa Ulaya waliomsifu Chuma kama mtumishi mwaminifu hupita haraka mahali hapo, kana kwamba mtumishi mwema hana haki ya kusema hapana. Kwa maoni yetu, ni baada ya hapo ndipo uaminifu wake ulipokuwa na thamani, kwa sababu sasa ulikuwa wa hiari.

Mtihani wake mkubwa ulikuja katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwanzoni mwa Mei mwaka 1873, Livingstone alipokutwa amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Wafuasi wake walikuwa mbali sana na pwani, wana maiti ya Mzungu mikononi, katika nchi ambamo kifo cha mgeni kingeweza kuleta shutuma na faini nzito. Chuma na Susi walikubaliwa na wenzao kuwa viongozi. Tunawaomba maofisa wetu watazame jambo la kwanza walilolifanya. Waliwaita watu wote, masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya kila mmoja, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichokuwamo, ili dhamana iwe ya wote na asitokee wa kumshutumu mwenzake. Zipo ofisi zetu leo ambamo makabidhiano hayafanywi kwa uangalifu wa namna hiyo.

Baada ya hapo Chuma alikwenda kwa Chitambo kuomba ruhusa ya kujenga nje ya kijiji, akificha habari ya kifo. Chitambo alikuja kupata habari kwa njia nyingine, akataka kujua kwa nini hakuambiwa kweli. Hapo hila ilikwisha kazi. Chuma alikiri, naye Chitambo, ambaye mwenyewe aliwahi kusafiri hadi pwani, hakukasirika. Aliwahakikishia kwamba hawana la kuogopa, akaja na watu wake kuomboleza kwa heshima zote za kwao. Chuma na Susi nao walimtolea zawadi. Katika tukio hilo dogo mna somo zima la ubalozi: kijana wa msafara alidhani anashughulika na mshenzi wa porini, akakuta anashughulika na mtawala aliyeijua dunia. Tunaamini hakulisahau. Chitambo alishauri maiti izikwe papo hapo. Walishikilia kuipeleka Unguja, naye akawaachia.

Moyo ulizikwa chini ya mti, na mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku kumi na nne, ukafungwa kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai. Safari ya kwenda Bagamoyo ilichukua miezi tisa hivi. Haikuwa ya amani mwanzo hadi mwisho. Katika kijiji kimoja cha njiani ugomvi ulizuka, bunduki zikalia, na wasafiri wakakiteka kijiji hicho. Hilo nalo limo katika historia yao, na hatuoni sababu ya kulifunika. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron wa Uingereza, aliyewashauri wamzike Livingstone hapo. Walikataa. Cameron alichukua sehemu kubwa ya vyombo vya kupimia vya marehemu, jambo ambalo halikuwapendeza, lakini hawakuligeuza kuwa vita. Mbele kidogo, watu wa Kasekera walipokataa maiti isipite nchini kwao, wasafiri walitengeneza mzigo wa mabua ulioonekana kama maiti, wakawatuma watu sita wairudishe hiyo maiti ya uongo Unyanyembe kwa mazishi, huku maiti ya kweli ikifungwa upya kama robota la nguo na kupita. Mzungumzaji mwema hujua lini aseme kweli, kama kwa Chitambo, na lini apite pembeni. Sheria ya jambo hilo haimo vitabuni.

Mwezi Februari mwaka 1874 walifika Bagamoyo, wakaikabidhi maiti kwa ubalozi mdogo wa Uingereza, wakalipwa mishahara yao na kuachwa. Ni Jacob Wainwright aliyesindikiza jeneza hadi London, ambako Livingstone alizikwa Westminster tarehe 18 Aprili. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye mwaka huo huo, kwa nauli iliyolipwa na James Young, rafiki wa marehemu, na mazishi yalikuwa yamekwisha. Aibu hiyo si yao. Lakini hawakwenda kutazama majumba tu. Walikaa nyumbani kwa Kasisi Horace Waller, Twywell, wakimsaidia kuyasoma na kuyapanga maandishi ya mwisho ya Livingstone, wakimfafanulia majina ya mito, vijiji na watawala, na kumsimulia yale ambayo marehemu hakuweza kuyaandika. Kitabu kilichotoka mwaka huo kingekuwa na mapengo makubwa bila wao, na ukurasa wake wa jina unawataja, ingawa kama watumishi waaminifu tu. Wapo wajumbe wetu wanaokaa London miezi mingi na kurudi na habari za maduka.

Chuma aliporudi Unguja hakurudi kuwa mtu wa kusimulia aliyoyaona Ulaya. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao mashariki ya ziwa hili, mahali ambapo Chuma mwenyewe alipita mwaka 1866 akiwa kijana. Mwaka 1876 alikuwa na Steere tena katika safari iliyoanzisha makazi ya Masasi kwa watu waliookolewa katika utumwa. Hebu tufikirie: mtoto aliyeuzwa katika nchi ya Nyasa sasa anakaa barazani na wakubwa wa nchi hizo hizo, wengine wao wakiwa wafanyabiashara wa watumwa, akiwatafutia wageni njia. Alijua Kiyao, Kiswahili na Kiingereza. Lakini kubwa zaidi, alijua namna ya kungoja.

Kungoja huko kulionekana dhahiri mwaka 1879. Chama cha Kijiografia cha London kilituma msafara kutoka Dar es Salaam kuelekea Nyasa na Tanganyika chini ya Keith Johnston, na Chuma akawa mkuu wa wapagazi, watu wapatao 150. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mgeni kabisa katika nchi hizi. Kwa kweli msafara ulikuwa mikononi mwa Chuma. Kila nchi waliyoiingia ilidai hongo ya nguo, shanga au waya, na kiasi chake kilipatanwa kwa siku nzima, pengine kwa siku kadhaa. Asiyejua aliona ni unyang'anyi. Chuma alijua ni ushuru wa mwenye nchi, na kwamba heshima inayoambatana nao ina uzito kuliko nguo zenyewe. Walipita Uhehe, wakafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wakaendelea Tanganyika, na mwaka 1880 wakarudi pwani bila kupigana vita na mtu yeyote. Sifa zilimwendea Thomson, naye alistahili sehemu yake.

Tunasema basi kwa wakuu wa mambo ya nje kwamba kijana anayesomea uhusiano wa kimataifa apewe, pamoja na vitabu vyake, miezi kadhaa ya kuishi Manda, Liuli au Mbamba Bay, kisha avuke akaishi Nkhata Bay au kisiwani Likoma, ale wanachokula wavuvi, ajue wanavyoliita kila pango na kila mwamba. Gharama yake ni ndogo kuliko tikiti moja ya ndege ya kwenda Ulaya. Siku akiketi mezani kuuzungumza mpaka wa ziwa hili, atakuwa amelinywa maji yake.

Mwaka 1881 Sultani Barghash alimtuma Thomson kando ya Mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, na Chuma akaongoza msafara huo pia. Makaa yaliyotarajiwa hayakuonekana. Mwaka uliofuata Chuma alifariki Unguja kwa kifua kikuu, akiwa na miaka thelathini na kidogo tu, mwaka ule ule aliofariki Askofu Steere. Susi alikwenda Kongo kumfanyia kazi Stanley, akarudi, akabatizwa kwa jina la David, naye akafariki Unguja mwaka 1891.