Naftali Temu: Wa 49, wa Kwanza, wa 19

Wapendwa, waulize vijana wetu pale Ukunda ni Mkenya gani aliyeshinda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, na wengi watakujibu haraka: Kipchoge Keino. Hapana. Keino alipata yake Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Wiki moja kabla, tarehe 13, Naftali Temu alikuwa ameshavaa ya kwake. Ndiye wa kwanza, na wengi hatumjui. Wiki hii nataka tumjue, kwa sababu maisha yake yanagusa jambo ambalo naliona kila mwezi katika kundi letu la vijana.

Temu alikuwa Mkisii, alizaliwa Sotik mwaka 1945. Akaingia jeshi la Kenya, na huko jeshini ndiko mbio za mashindano zilipomshika. Mwaka 1964, nchi ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru, alipelekwa Olimpiki ya Tokyo. Umri wake miaka 19. Akakimbia marathoni.

Marathoni ni kilomita 42 na kidogo. Kwa sisi wa huku, ukitoka Likoni kwa miguu, upite Ukunda, uendelee na barabara ya kusini, kilomita zikitimia bado Msambweni hujafika. Siku hiyo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kwa mara ya pili, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amewahi kulifanya. Temu je? Alimaliza wa 49. Katika michezo hiyohiyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa, shaba ya mita 800. Kwa hivyo kijana wetu alirudi nyumbani na namba ambayo hakuna gazeti lingeisherehekea.

Sasa angalia miaka miwili tu mbele. Agosti 1966, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kingston, Jamaica. Mbio za maili 6, karibu kilomita 10. Mtu wa kuogopwa alikuwa Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya masafa hayo. Temu alimshinda na kuchukua dhahabu.

Nasisitiza Kingston kwa sababu kuna maneno ambayo hata leo hayajaisha. Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na watu wengi husema Wakenya walishinda kule kwa sababu ni watu wa milimani. Ni kweli hewa ile iliwasaidia waliozoea, na iliwaumiza wengine. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka, akapewa oksijeni. Lakini Kingston ni mji wa bahari, joto kama letu la Diani. Huko hakukuwa na mlima wa kumbeba mtu. Alimshinda Clarke chini kabla hajamshinda juu.

Tena, hata huko Mexico mlima haukutosha. Keino ni mtu wa milimani pia, lakini katika mbio hizo za mita 10,000 maumivu ya tumbo yalimwangusha zikiwa zimebaki raundi chache. Mamo Wolde wa Ethiopia naye ni wa milimani, na ndiye aliyebaki na Temu hadi mwisho. Raundi ya mwisho Wolde akachomoka mbele. Temu hakukata tamaa wala hakukurupuka. Alimfuata, akamfuata, na zikiwa zimebaki kama mita 50 akampita. Dakika 29, sekunde 27.4. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.6 baada ya raundi 25. Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu. Medali zote tatu zikaja Afrika.

Hapa ndipo wengi wetu tungefunga hesabu. Dhahabu ya kwanza ya taifa iko mkononi, nini tena? Temu akarudi kwenye mita 5,000, mchujo kwanza, kisha fainali tarehe 17, na akapata shaba nyuma ya Gammoudi na Keino. Halafu tarehe 20 akasimama tena kwenye mstari, safari hii marathoni, zile mbio zilizompa namba 49.

Mimi nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo mkono wangu hukimbilia hesabu. Kumi, tano, tano, na 42: zaidi ya kilomita 62 za mashindano ndani ya siku nane. Tena wakati huo Olimpiki haikuwa na pesa. Bingwa alirudi na medali na makofi, basi.

Kwenye marathoni hiyo alikuwa na kundi la mbele mpaka karibu kilomita 30. Kisha miguu ikakataa. Wolde, yuleyule aliyempita wiki iliyotangulia, akaenda zake na kushinda. Bikila alikuwa ameshatoka mapema kwa sababu ya jeraha la mguu, na hakuna wa kumlaumu. Temu naye angeweza kutoka. Nani angemuuliza? Lakini alizimaliza zile kilomita 12 akiona watu wanampita mmoja baada ya mwingine, bingwa wa Olimpiki mwenye siku saba tu, akavuka mstari wa 19.

Mwaka 1972 alienda Munich na hakufika fainali. Baadaye akastaafu, akaishi kama mkulima huko Borabu, Nyamira. Saratani ilimchukua tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Alikuwa na miaka 57.

Wapendwa, mimi ile namba 19 inanishughulisha kuliko dhahabu. Kwa dhahabu kila mtu angejikaza. Naandika haya msimu wa watalii umepungua, na najua kuna kijana anayesoma hapa ambaye hoteli imemwambia apumzike mpaka Disemba. Kuna aliyeanza useremala akaacha mwezi wa tatu kwa sababu rafiki yake alishinda mkeka. Kuna dada aliyetoka kwenye kikundi cha akiba kwa aibu ya kuweka kidogo kuliko wenzake. Hawa wote wameona wengine wakiwapita, wakafikiri mbio zimeisha.

Temu alikuwa wa 49 kabla ya kuwa wa kwanza, na alipokuwa wa kwanza hakuona haya kuwa wa 19. Kumaliza kwake hakukutegemea nafasi.

Kwa hivyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, vijana tutabaki chini ya mwembe. Kila mmoja aje na kitu kimoja alichoacha katikati: cheti, deni, fundi aliyekuwa anamfundisha, hata shamba la mihogo. Tutaandika tarehe ya kurudi. Dada wa akiba, daftari lako bado liko kwangu, na jina lako sijalifuta.