Aliyezungumza na Wenyeji wa Ardhi

Wapwani wenzangu, tukizungumzia nyumba za kale husifu mawe, chokaa na milango. Ni nadra kuuliza kiwanja kilipatikanaje. Ndiyo sababu nawaletea maisha ya John Meusebach, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Fredericksburg huko Texas, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1812 mjini Dillenburg, katika ukoo wa kibwanyenye, akasomea sheria. Mwaka 1845 alikwenda Texas kusimamia chama cha mabwanyenye kilichokuwa kikiwahamishia huko Wajerumani. Akaweka kando cheo cha ukoo wake na kujiita John. Alikuta chama kimezama kwenye madeni, huku maelfu ya wahamiaji wakiendelea kuwasili. Wengi walikwama ufuoni bila usafiri, na maradhi yakawaua. Zaidi ya hayo, ardhi waliyoahidiwa, ekari zaidi ya milioni 3, ilikuwa na wenyewe, watu wa Comanche.

Mwaka 1846 Meusebach alianzisha Fredericksburg pembezoni mwa nchi yao. Wahamiaji wakajenga kama walivyozoea kwao: fremu ya mbao nzito, mapengo yakajazwa mawe, juu yake plasta ya chokaa. Paa lilikuwa la mteremko mkali, na nyumba nyingi zilikuwa na ngazi ya nje ya kupandia darini. Mtu wa Lamu aliyezoea boriti na mawe ya matumbawe ataielewa kazi hiyo mara moja. Baadaye wakulima wa mbali walijenga mjini vijumba vya kulala wajapo sokoni Jumamosi na kanisani Jumapili. Huitwa nyumba za Jumapili, na baadhi zipo hadi leo.

Lakini ukuta peke yake haukuwapa usalama. Mapema mwaka 1847 Meusebach alisafiri hadi kwenye Mto San Saba, akaketi na wakuu wa Comanche. Walikubaliana kwamba Wajerumani wataruhusiwa kupima na kukaa katika ardhi ile, watu wa Comanche wataingia mjini bila kubughudhiwa, na watapewa zawadi za thamani ya dola 3,000. Mkataba ulitiwa sahihi Mei mwaka huo. Wanahistoria wengi huuhesabu miongoni mwa mikataba michache ya aina hiyo iliyoheshimiwa.

Meusebach alijiuzulu mwaka huohuo, akawa seneta mwaka 1851, akaoa, akalea watoto. Alifariki Mei 1897 huko Loyal Valley akiwa na miaka 85.

Namheshimu kwa kuwaendea wenyeji. Hata hivyo, sitaki tumfanye malaika. Ardhi ile ilikuwa imeshagawiwa kwenye karatasi kabla wenyewe hawajaulizwa. Na kufikia 1875 jeshi la Marekani lilikuwa limewalazimisha watu wa Comanche kuhamia eneo walilotengewa kaskazini, nje ya Texas. Nyumba za waliokaribishwa zimebaki, watalii wanazipiga picha. Waliokaribisha hawana hata chumba kimoja pale.

Sisi tulio na maskwota juu ya ardhi ya babu zao tunalielewa somo hilo. Maneno mema ya jirani hayamlindi mtu ikiwa serikali haijayatambua. Tuzitunze nyumba zetu za kale, naam, lakini tuzitunze pamoja na hati za viwanja vyake. Mwenye nyumba asiye na hati anawatunzia wengine.