Michael Faraday, Fundi wa Kujalidi Vitabu

Watu wengi hupenda habari za wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mtoto wa mhunzi.

Michael Faraday alizaliwa karibu na London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Kwao walikuwa maskini, na shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipofika miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7. Vitabu alivyovishona, alivisoma pia. Mwaka 1812 alikwenda kusikiliza mafunzo ya mwanakemia mkuu, Humphry Davy. Aliyoyasikia akayaandika, akayajalidi, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 akawa msaidizi wake.

Mwaka 1825 Faraday aligundua benzini katika mafuta yaliyobaki penye gesi ya taa. Katika miaka ya 1833 na 1834 alieleza kwamba kadiri umeme mwingi unavyopita katika maji ya dawa, ndivyo kitu kingi kinavyotengana. Nasi maabarani twapitisha umeme wa betri katika maji ya mrututu, na shaba hujishika kwenye kijiti cha kaboni. Kanuni ni ile ile. Tena alionyesha kwamba bamba safi la platini huunganisha haidrojeni na oksijeni zikawa maji, lakini bamba lenyewe halipungui. Kitu cha namna hiyo twakiita kichocheo.

Katika miaka ya 1840 Hermann Kolbe wa Ujerumani alitumia umeme kuunga vipande vya kaboni. Siku hizi wanakemia hutumia umeme pamoja na vichocheo vya metali, kama nikeli, shaba na paladi, kuunda vitu vya kaboni, hata dawa za hospitali. Hivyo mara nyingi hawahitaji kemikali kali zenye kuacha taka nyingi.

Faraday alikataa urais wa Chama cha Kifalme cha wanasayansi, akafariki tarehe 25 Agosti 1867.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, baada ya mtihani wengine tutaendelea na masomo, wengine tutarudi nyumbani, au tutafanya kazi ya mbao huku Sao Hill. Asiyeitwa asitupe daftari zake. Faraday naye alikuwa kazini, mikono ina gundi, alipoanza kujifunza kemia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mafinga